Wasomaji Wanauliza: Siku Moja katika Bonde la Lukuledi

Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari hapa Mtwara mjini. Nakusudia kuwapeleka wanafunzi 28 wa kidato cha tatu katika ziara ya siku moja, tukiwa na mwongoza watalii, kutazama maeneo ya vita vya zamani. Nimeorodhesha Boma la Mikindani, Mahiwa, Nandete na Kilwa Kivinje. Je, ratiba hii inatekelezeka?
*Mwalimu wa Historia, Mtwara*

Mwalimu, haitekelezeki, na hata ukimpata dereva atakayekubali, nisingekushauri kuifuata. Nandete iko katika milima ya Umatumbi, wilayani Kilwa, nako ndiko wananchi walikong'oa pamba ya serikali ya Wajerumani mwezi Julai 1905 na kuanzisha Vita vya Maji Maji. Kilwa Kivinje ndiko Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga Wajerumani, alikonyongwa mwaka 1895. Kila mojawapo inastahili safari yake, na ukitokea Mtwara ni lazima mlale njiani.

Nasema haya kwa uchungu wa mtu aliyewahi kupitishwa maeneo manne kwa siku moja. Mwongozaji wetu alikuwa mwungwana na alijua mengi, lakini kila tuliposhuka garini alikuwa akitazama saa, na jioni nilipoulizwa nyumbani nimeona nini, nilijikuta nasimulia vibao vya barabarani. Tangu siku hiyo nashikilia kwamba ziara ya siku moja ishike njia moja na bonde moja.

Njia ninayokupendekezea ni hii. Ondokeni alfajiri, mpitie Mikindani, ambayo ni kilomita zipatazo 10 tu kutoka mjini. Pale Boma lililojengwa mwaka 1895 litawaonesha wanafunzi jinsi utawala ulivyojipanga kukaa baada ya pwani kuasi mwaka 1888, na Wajerumani kuirudia Lindi na Mikindani kwa nguvu mwezi Mei 1890. Nusu saa inatosha. Baada ya hapo shikeni barabara hadi Mnazi Mmoja, mkunje kuelekea Masasi, mpite Mtama, na siku yenu yote iliyobaki iwe ya Nyangao na Mahiwa.

Nimeichagua Nyangao kwa sababu vita viwili vilipita hapo ndani ya miaka 12. Agosti 1905 wapiganaji wa Maji Maji waliichoma misheni ya Wabenediktini iliyokuwapo hapo. Oktoba 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Wajerumani na Waingereza yakakutana katika eneo lile lile. Waambie wanafunzi wako wapige hesabu: mtoto aliyekuwa na miaka minane aliposikia kelele za moto wa kwanza, alikuwa kijana wa miaka 20 vita vya pili vilipofika, yaani umri hasa wa kukamatwa akabebe mizigo. Vitabu vya shule huziweka habari hizi katika sura mbili tofauti, lakini kwa mtu wa Nyangao yalikuwa maisha yake yale yale.

Kuhusu mapigano yenyewe ya Mahiwa, yaliyodumu takribani siku nne kuanzia tarehe 15 Oktoba 1917, mwombe mwongozaji aeleze kwanza kwa nini yalitokea hapo. Waingereza walikuwa wameitwaa Lindi kutoka baharini mwezi Septemba 1916, na mwaka uliofuata walikuwa wakipanda na bonde la Lukuledi, huku kikosi kingine, wakiwamo askari kutoka Nigeria, kikishuka kutoka upande wa Kilwa ili kuwabana Wajerumani katikati. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, akawasubiri akiwa na askari wapatao 1,500, wengi wao Waafrika, dhidi ya takribani 5,000. Waingereza walishambulia uso kwa uso, wakarudia tena na tena, na wakapoteza watu wapatao 2,700 kati ya waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea.

Hapo ndipo wanafunzi wengi hufikiri kisa kimekwisha kwa ushindi. Lakini Wajerumani nao walipoteza zaidi ya watu 500 ambao hawakuwa na wa kuwaziba pengo, na risasi za bunduki zao za kisasa zisizotoa moshi zilikuwa zimekaribia kuisha, hata wengi wakabaki na bunduki za muundo wa mwaka 1871 ambazo kila zikifyatuliwa moshi humwonesha adui alipo mpigaji. Ndiyo maana mwezi mmoja tu baadaye, tarehe 25 Novemba 1917, Lettow-Vorbeck aliuvuka mto Ruvuma akaingia Msumbiji kutafuta silaha, dawa na chakula kwa Wareno. Alisalimu amri tarehe 25 Novemba 1918, huko Abercorn, ambako leo ni Mbala nchini Zambia.

Mambo machache ya utaratibu: mtendaji wa kijiji apewe taarifa mapema, kwa maana mtakuwa mkipita katika mashamba ya korosho ya watu, nendeni kati ya Juni na Septemba, kabla ya msimu wa kuokota korosho na kabla ya mvua, na hakikisheni mko barabarani kurudi mapema ili giza lisiwakute njiani.

Nina ombi moja pia. Chukueni dumu la lita 20, mlijaze maji Nyangao, na kila mwanafunzi mwenye afya alibebe kichwani kwa hatua 200. Mzigo wa mpagazi ulikuwa mzito kuliko dumu hilo, nao aliubeba kutwa nzima, siku baada ya siku. Nimeona darasa lililokuwa likipiga gumzo likinyamaza lenyewe baada ya watu watano tu kulibeba.

Mhariri, shikamoo. Naishi Mtama. Babu yake baba yangu alichukuliwa kubeba mizigo wakati wa vita vya Wajerumani na hakurudi. Sasa naona wageni wanaletwa na waongozaji, nami najiuliza: nilipe fedha kuoneshwa mahali ninapolima? Na je, huyo mwongozaji atanieleza lolote juu ya babu yangu?
*Mama wa Mtama*

Marahaba, mama. Kukuonesha mahali unapolima hakuna haja ya kulipia. Unacholipia ni kuunganishiwa shamba lako na mambo yaliyokuwa yakitendeka mbali nalo. Kwa mfano, Machi 1916 meli ya Kijerumani iitwayo Marie iliwakwepa Waingereza ikaingia katika ghuba ya Sudi, hapo hapo Lindi, ikiwa na mizinga, risasi na dawa. Shehena ile haikupata gari wala reli ya kuipeleka bara. Ilipelekwa kwa vichwa na mabega ya watu wa pwani yetu. Mwongozaji anayeijua habari hiyo anaweza kukuonesha njia ambazo mizigo kama ile ilipita, na huenda mojawapo ni njia unayopita kwenda kisimani.

Juu ya babu yako mwenyewe, nakuambia ukweli kwamba jina lake huenda hutalikuta popote. Kwa upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa katika vita hivi Afrika Mashariki hukadiriwa kuwa karibu 95,000, na wengi waliuawa na maradhi na njaa kuliko risasi. Upande wa Wajerumani kumbukumbu ni haba zaidi. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, inawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, lakini haimtaji hata mmoja kwa jina.

Kwa hiyo, mama, hapa wewe ndiye unayepaswa kumweleza mwongozaji. Andika jina la babu, la mama yake, kijiji alichochukuliwa, na neno lolote ambalo wazee wenu walilisema juu ya siku ile, hata kama ni kwamba alikuwa ameshika jembe. Mpe mwongozaji nakala, na umtake alitaje jina hilo kila afikapo Mtama. Mimi simwoni kuwa mwongozaji kamili yule anayewajua majenerali wote wa Mahiwa na asimjue mpagazi hata mmoja wa bonde hili.

Mwanangu aliokota risasi ya zamani shambani. Je, tuiuze kwa watalii?
*Msomaji, Nyangao*

Msiiuze. Kama ni risasi nzima, au kitu chochote cha chuma mnachokishuku, msikiguse tena, msikipige wala msikitie motoni. Wekeni alama mahali pale na mtoe taarifa polisi, kwani baruti ya miaka mia moja bado inaweza kuua. Kama ni ganda tupu, liacheni mlipoliona na mwoneshe mwongozaji. Pale chini linaonesha mpigaji alisimama wapi; likishatiwa mfukoni mwa mgeni halielezi kitu.

Kwa nini kila ziara ya vita ni ya Wajerumani? Sisi wa Nachingwea tulikuwa na kambi ya FRELIMO.
*Mzee wa Nachingwea*

Mzee wangu, shikamoo. Lalamiko lako ni la haki. Kambi hiyo ya Nachingwea, iliyoitwa Farm 17, ndipo wapiganaji wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji dhidi ya Wareno, walipofunzwa chini ya Samora Machel, katika vita vilivyoanza tarehe 25 Septemba 1964 na kufikia makubaliano ya Lusaka tarehe 7 Septemba 1974, hadi Msumbiji ikapata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Sikuiweka katika ratiba ya mwalimu kwa sababu ya umbali tu, na laiti angekuwa na siku mbili ningemwambia aanzie kwenu. Mahiwa itasubiri, kwa kuwa hakuna tena aliye hai aliyeiona. Nachingwea bado wapo wazee waliowauzia mihogo wapiganaji wale, waliosikia nyimbo zao za asubuhi, waliowajua kwa majina. Nakuomba, kabla hatujatafuta mwongozaji wa kulipwa, utuandikie wewe mwenyewe unachokikumbuka, nasi tutakichapa hapa hapa.