Rais wa Marekani Huchaguliwa na Nani?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwaka 2016 Hillary Clinton alipata takriban kura milioni 2.9 zaidi ya Donald Trump, lakini aliyeapishwa kuwa rais ni Trump. Nimejaribu kuwaeleza vijana wa mtaani kwetu jambo hilo nikashindwa. Je, utaratibu huu wa wajumbe ulitoka wapi, na ulikusudiwa kufanya kazi gani? – Msomaji, Buruburu, Nairobi.

JIBU: Ndugu msomaji, Mmarekani anapopiga kura ya rais huwa anachagua wajumbe maalumu wa jimbo lake, na hao ndio wanaomchagua rais. Jumla yao ni 538: kila jimbo hupata idadi ya viti vyake katika Baraza la Wawakilishi pamoja na maseneta wake wawili, na mji mkuu wa Washington hupewa watatu. Anayefikisha kura 270 za wajumbe ndiye mshindi.

Wengi wamefundishwa kwamba waasisi wa taifa hilo walitaka watu wachache wenye busara wauzuie umma usidanganywe na mlaghai. Hoja hiyo Alexander Hamilton, mmoja wa waasisi hao, aliiandika mwaka 1788, alipokuwa akiwashawishi watu wa New York waikubali katiba iliyokwisha kutungwa. Katika mkutano wenyewe wa Philadelphia ulioitunga katiba hiyo, uliodumu kuanzia Mei hadi Septemba 1787, mambo hayakunyooka hivyo. James Wilson wa Pennsylvania alipendekeza wananchi wamchague rais moja kwa moja. George Mason wa Virginia akapinga, akisema kuwa kuwaachia wananchi uamuzi huo ni sawa na kumpa kipofu kazi ya kupambanua rangi, kwa kuwa nchi ilikuwa kubwa mno watu wasiweze kuwajua vyema wagombea. Wengine walitaka Bunge ndilo limchague, ikahofiwa kwamba rais wa namna hiyo angekuwa kibaraka wa Bunge.

Lipo jambo jingine ambalo ninaona halifai kupitiwa juu juu. Tarehe 19 Julai, mkutanoni humo, James Madison wa Virginia, ambaye naye alimiliki watumwa, alikiri kwamba uchaguzi wa moja kwa moja ndio ungefaa zaidi, kisha akaeleza kikwazo chake: haki ya kupiga kura ilikuwa imeenea zaidi Kaskazini, na majimbo ya Kusini yasingepata nguvu yoyote kwa ajili ya watumwa wao, ambao hawakuruhusiwa kupiga kura. Wajumbe maalumu waliondoa kikwazo hicho, kwa sababu viti vya Baraza la Wawakilishi vilikuwa vimekubaliwa kugawanywa kwa hesabu ambamo watumwa watano walihesabiwa kuwa watu watatu. Mtumwa hakuwa na kura, lakini mwili wake uliongeza kura za bwana wake. Baada ya sensa ya 1800, Pennsylvania ilikuwa na watu huru wengi kuliko Virginia, na bado ilipewa wajumbe 20 huku Virginia ikipewa 24. Katika miaka 36 ya mwanzo ya urais, miaka 32 ilishikwa na watu wa Virginia.

Kuhusu tofauti iliyokushangaza ya mwaka 2016, sababu yake kubwa haimo katika katiba hata kidogo. Katiba iliyaachia majimbo uhuru wa kuamua jinsi ya kuwapata wajumbe, nayo majimbo, moja baada ya jingine, yakaona faida ya kumpa mshindi wa jimbo wajumbe wote, hata kama ameshinda kwa kura chache. Leo ni Maine na Nebraska pekee zinazowagawa. Kwa hiyo mwaka 2000 tofauti ya kura 537 katika jimbo la Florida ilimpa George W. Bush urais, ilhali Al Gore alimzidi kwa zaidi ya kura nusu milioni nchini kote.

Vijana wako huenda wataelewa upesi ukianzia na Katiba yetu ya 2010. Kifungu cha 138 kinamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote, na pia angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani 24 kati ya 47. Sisi pia tuliogopa rais wa eneo moja, lakini sharti la kaunti tuliliongeza juu ya wingi wa kura, hatukuliweka badala ya wingi huo. Kwa maoni yangu, hiyo ni njia ya haki zaidi.

Kuubadilisha utaratibu wa Marekani kunahitaji theluthi mbili ya kila baraza la Bunge na idhini ya robo tatu ya majimbo. Pendekezo la kuufuta lilipita katika Baraza la Wawakilishi mwaka 1969 kwa kura nyingi, likakwama Seneti mwaka uliofuata, maseneta wa majimbo ya Kusini wakiwa mstari wa mbele kulizuia.