Maswali na Majibu: Kisigino, Unyayo na Vidole vya Mguu

Swali: Mguu una mifupa mingapi chini ya kifundo, na kwa nini unyayo wote haugusi ardhi?

Kila mguu una mifupa 26 kuanzia kifundo kwenda chini, yaani 7 ya nyuma na katikati, 5 mirefu inayoelekea vidoleni, na 14 ya vidole vyenyewe, kwa kuwa kidole gumba kina mifupa miwili na vingine vina mitatu mitatu. Mifupa hiyo haikulazwa bapa, bali imepangwa kwa umbo la matao, na tao lililo wazi zaidi ni la upande wa ndani, ndilo linaloacha pengo katika alama ya unyayo uliolowa maji. Uzito unapotua, tao hubonyea kidogo, na mguu unapoinuka hurudia hali yake. Kinacholishikilia ni kano, misuli, na utando mnene unaotoka kisiginoni hadi kwenye mizizi ya vidole.

Swali: Nikiamka asubuhi, hatua za kwanza huniuma kisiginoni kana kwamba nimekanyaga mwiba, kisha maumivu hupungua. Picha ya eksirei imeonyesha mfupa uliochomoza. Je, uondolewe?

Maelezo yako yanafanana sana na kuumia kwa utando huo niliotaja, pale unapojishikiza kwenye mfupa wa kisigino. Wakati wa usingizi vidole huelekea chini, utando hukakamaa pamoja na misuli ya shavu la mguu, na hatua ya kwanza huuvuta ghafla. Mfupa uliochomoza huonekana pia kwa watu wengi wasio na maumivu yoyote, kwa hiyo si haki kuutupia lawama zote, na kuukata si hatua ya kuanza nayo.

Anza kabla ya kushuka kitandani: shika vidole vya mguu uvivute kuelekea kwako kwa nusu dakika, ukirudia mara kadhaa. Mchana, simama ukiegemeza mikono ukutani, mguu unaouma ukiwa nyuma na kisigino kikiwa sakafuni, hadi usikie shavu la mguu likivutika, kwa sababu ugumu wa misuli hiyo huuongezea utando mzigo. Vaa viatu vyenye soli nene iliyo laini kisiginoni, na upunguze kwa muda kusimama saa nyingi mfululizo. Wagonjwa walio wengi hupona bila upasuaji, ila uponyaji huhesabiwa kwa miezi, pengine hata mwaka, nami nakusihi usiache mazoezi wiki ya tatu kwa kuona hayajafanya kazi. Sindano ya dawa za jamii ya kotisoni hutuliza kwa muda tu, na inaweza kuufanya utando ukatike. Ukiumwa hata ukiwa umepumzika, au kisigino kikivimba au kufa ganzi, mwone daktari.

Swali: Mwanangu wa miaka mitatu ana nyayo bapa. Je, anahitaji viatu maalumu?

Kwa kawaida hahitaji. Katika umri huo tao hufichwa na mafuta na kano bado ni legevu, na hujengeka polepole katika miaka kumi ya kwanza. Mwambie asimame kwa ncha za vidole. Tao likijitokeza, hiyo ni dalili njema. Lisipojitokeza, au mtoto akilalamika maumivu, apelekwe kupimwa.

Swali: Nina kinundu kando ya kidole gumba. Ni viatu vilivyosababisha?

Viatu vyembamba mbele huzidisha hali hiyo, lakini umbo la mguu hurithiwa pia. Kinundu si mfupa mpya, bali ni kiungo kilichopinda: mfupa mrefu umeegemea upande wa mguu mwenzake, nacho kidole kimeinamia wenzake. Vitenganisha vidole hupunguza maumivu bila kukinyoosha kidole, na upasuaji huwafaa wanaoumia, si wanaotaka kurekebisha sura tu. Iwapo kiungo hicho kitakuwa chekundu, chenye moto na maumivu makali ya ghafla usiku, huenda ni jongo, linalotokana na chembechembe za asidi ya yuriki, na matibabu yake ni mengine kabisa.

Swali: Mama ana kisukari na amepata kidonda unyayoni, lakini anasema hakimuumi. Tusubiri?

Msisubiri, mpelekeni hospitali leo hii. Kutouma kwa kidonda hicho ndiko kunakonitia hofu, kwa sababu sukari iliyopanda kwa miaka huharibu mishipa ya fahamu ya miguu, na mtu huendelea kukanyagia jeraha ambalo mwingine asingelivumilia. Mishipa ya damu nayo ikiwa imeziba, kidonda hakipati damu ya kukiponya, na maambukizi yanaweza kufika mfupani.

Baada ya matibabu, nyayo zake zikaguliwe kila siku, kwa kioo au kwa macho ya mmoja wenu, pamoja na katikati ya vidole. Apapase ndani ya kiatu kabla ya kukivaa, asitembee peku hata ndani ya nyumba, na maji ya kuoshea miguu yapimwe joto kwa kiwiko cha mkono. Angalau mara moja kwa mwaka mhudumu wa afya amguse nyayo kwa uzi maalumu wa nailoni, kipimo kifupi kisichouma, ili ijulikane ni sehemu zipi zimepoteza hisia.