Kugeuza bodaboda ya cc 150 iwe ya mashindano ya porini

Dogo umeuliza uanze na injini au fremu kwenye hiyo 150 unayoitengenezea uani hapo Igoma, aisee injini achana nayo kwanza, anza na shokapu, maana ya boda imeundwa kubeba abiria na mchele sio kuruka mawe na haya mawe yetu ya Mwanza unayajua mwenyewe. Tafuta fokesi, ile miguu miwili ya mbele yenye shokapu ndani, za pikipiki ya porini hata used, zile za motokrosi zinacheza juu na chini kama milimita 300 hivi, na rimu ya mbele ya inchi 21 ili ipande jiwe isijikwae. Ukishapandisha mbele ndo unakagua fremu, pale kwenye shingo, fokesi zinapoingia kwenye fremu, ongeza vipande vya chuma vya pembetatu, na kama mkono wako wa kuchomelea bado unatetemeka mpe fundi, shingo ikikatika ukiwa hewani hapo hamna stori tena 😅

Nguvu utaipata kwa spoketi tu, zile gia za mnyororo, mbele toka meno 15 shuka 14, nyuma toka 42 panda 48, spidi ya lami inapungua ila kwenye mlima inavuta vizuri sana.

Halafu bomba la moshi usilifungue wazi ukaacha kabureta na jeti ileile, yaani kale katundu kanakopitisha mafuta, mafuta yanakuwa machache kuliko hewa, inachemka mpaka pistoni inaungua. Chomoa plagi uiangalie, nyeupe weka jeti kubwa zaidi, nyeusi ya masizi weka ndogo, rangi ya chai ya maziwa ndo yenyewe.