Mzee Wako Anapumzikia Wapi Njiani?

Mwaka jana mama aliacha kutoka. Hakutangaza wala hakulalamika. Kwanza aliacha kwenda kwa dada yake, mtaa wa tatu kutoka kwetu. Kisha akawa anamtuma mtoto sokoni. Mwishowe hata zahanati akataka aitiwe bajaji, na ni mita 600 tu kutoka mlangoni kwetu hapa Magomeni, Dar es Salaam. Nikajua ni magoti. Nikanunua dawa ya kuchua, nikanunua fimbo yenye mpira chini, nikawa namhimiza kila siku ajikaze atembee. Jioni moja akanishika mkono akaniambia, "Mwanangu, kutembea naweza. Kusimama ndiko kunakonishinda."

Kesho yake nikatenga asubuhi nzima nikatoka naye, pole pole, kwa mwendo wake. Kituo cha kwanza kilikuwa mwarobaini wa jirani, akaegemeza kiganja kwenye shina. Cha pili kilikuwa dukani kwa Mangi. Kijana wa duka alimwamkia, akapindua kreti ya soda, akaweka kipande cha boksi juu yake, mama akakaa. Kukaa kulikuwa rahisi. Kunyanyuka ndiko kulikoniuma roho. Kreti ni fupi na haina pa kushika. Alijisukuma mbele, akarudi. Akajaribu tena, akarudi. Tukamnyanyua watu wawili, kila mmoja na kwapa lake, katikati ya wateja. Uso wa mama ulijaa haya. Hapo nikaelewa kwa nini alikuwa ameamua kubaki ndani: njiani hakuna pa kukaa. Ndipo mimi na majirani tukaamua kuweka benchi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa anayetaka kuweka benchi mtaani: usianze na fundi, anza na matembezi. Ongozana na mzee wako, au na jirani anayetembea kwa magongo, na kila anaposimama weka alama kwa chaki. Mama alisimama mara nyingi. Uingereza wana mwongozo wa njia za waenda kwa miguu unaosema kwamba penye watu wengi, kiti kimoja na kingine visiachane zaidi ya mita 50. Kwa viwanja vyetu hiyo ni kama nyumba tatu au nne. Nilipopima alama zangu za chaki nilikuta mama hakuwa mbali na hesabu hiyo, na hakuna aliyempa mwongozo wowote.

Kinachonisikitisha ni kwamba jambo hili tulikuwa nalo. Nyumba za Kiswahili za Kariakoo, Ilala na hapa Magomeni zilijengwa na kibaraza mbele. Kwa babu yangu Kariakoo, kibaraza kilikuwa cha kila mpita njia. Mchuuzi wa samaki alitua kapu lake pale, wazee walicheza bao, mama mjamzito alivuta pumzi kisha akaendelea na safari, na hakuna aliyeuliza huyu ni nani. Mji Mkongwe wa Zanzibar hadi leo mabaraza ya mawe yamepakana na kuta za nyumba, na zamani mvua kubwa ikifurika vichochoro watu walipita juu yake kama njia. Lugha yetu yenyewe imekikuza kiti hicho hadi kikawa Baraza la Mawaziri. Lakini nyumba ya babu ilibomolewa, likasimama ghorofa, na chini yake maduka ambayo bidhaa zimetoka mpaka kando ya barabara. Na kwingine, ngazi za mbele zilipobaki, wenye maduka wamepanga vipande vya chupa kwenye saruji ili vijana wasikae. Naelewa kero yao. Lakini kijana hukaa kwenye pikipiki yake, au huchuchumaa. Anayebaki amesimama ni bibi wa miaka 70.

Tulianza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na nasisitiza muanze hapo. Kwetu tulielezwa kwamba ndani ya hifadhi ya barabara hatuwezi kumwaga zege. Kama tungejenga kwanza, tungekuja kuvunjiwa. Hivyo benchi ya kwanza tukaiweka ndani ya mpaka wa kiwanja cha jirani aliyeridhia, na tuliandikishana kwa mtendaji ili kesho akiuza nyumba pasitokee ugomvi. Nyumba kumi na moja zilichanga. Wengine walitoa pesa, mmoja alitoa mifuko miwili ya saruji iliyobaki kwenye ujenzi wake.

Benchi ile ya kwanza tuliikosea. Fundi alijenga tofali, akapiga lipu, akasakafia juu, kama kibaraza cha zamani. Ilipendeza. Lakini ilikuwa sentimita 38 kwenda juu, haina mgongo wala mikono, na saa sita mchana zege lilikuwa la moto kama kikaango. Mvua ikinyesha maji yanatuama palepale pa kukalia. Na kuna kosa jingine ambalo sikuliona mpaka nilipomtazama mama akijaribu kunyanyuka: benchi ilikuwa ukuta mtupu kwa mbele, hakuna nafasi ya kurudisha visigino chini yake. Jaribu mwenyewe hapo ulipokaa. Nyoosha miguu mbele, kisha inuka bila kushika kitu. Huwezi. Lazima miguu irudi nyuma ya magoti kwanza. Mtu mwenye nguvu hulifanya hilo bila kujua, mzee analihitaji kila mara.

Ya pili tulimpa seremala. Kabla hajakata ubao nilimkalisha mama akiwa amevaa ndala zake za kila siku, nikapima kutoka chini ya kisigino hadi nyuma ya goti, nikaongeza vidole viwili. Ikaja sentimita 46. Mbao zimeachana kidogo ili maji yapite, mgongo umelala nyuma kidogo, na chini ni wazi. Mikono ya kushikia inafika hadi ukingo wa mbele, maana mkono unaoishia katikati haumsaidii mtu kusimama. Tuliiweka chini ya mwarobaini uleule aliokuwa akiegemea, ikitazama njia. Mtu hapendi kukaa akitazama ukuta.

Kabla ya kuifunga chini, seremala aliniambia nimwite jirani yetu anayetumia kiti mwendo. Namshukuru sana, kwa sababu mimi nilidhani benchi haimhusu. Jirani akasema, "Mimi nimekuja na kiti changu. Ninachotaka ni kivuli, na pa kuegesha nisigongwe na bodaboda." Tukaisogeza benchi upande mmoja, tukasawazisha ardhi pembeni yake kwa upana wa mita moja, na mkono wa upande ule tukautengeneza wa kufunguka, ili mwenye kutaka kuhamia kwenye benchi ateleze bila kizuizi. Sasa anakaa sambamba na wenzake, anaongea nao bega kwa bega. Ukingo wa mbele tukaupaka rangi ya njano kwa ajili ya wenye uoni hafifu, na tukahakikisha haijaingia kwenye njia anayoifuata kwa fimbo yake nyeupe kaka mmoja asiyeona wa mtaa wa pili.

Watu watawaambia vijana wa bodaboda wataiteka. Kwetu waliiteka wiki ya kwanza, na mimi nilitaka kuwafukuza. Mama akanikataza: "Waache wakae. Nikifika watanipisha." Na kweli, akitokea tu kwa mbali wanasimama, "Shikamoo bibi," mmoja anafuta vumbi kwa kitambaa chake. Tukazungumza na mkubwa wa kijiwe, akakubali wao ndio waangalizi. Bawaba ya ule mkono wa kufunguka ilipolegea, wao ndio waliokaza, kwa spana zao wenyewe. Benchi isiyokaliwa na mtu ndiyo inayoibwa mbao.

Jambo moja kwa wale ambao barabara yao bado haijajengwa: semeni mapema. Nendeni mkutano wa mtaa kabla mchoro haujapita, muombe mifuniko ya zege juu ya mtaro na sehemu za viti. Mtaro ukishachimbwa wazi, hakuna pa kuweka chochote. Mkizungumza na diwani, mkumbusheni kwamba Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu 2003, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tangu 2010, na kwamba mtu asiyeweza kuifikia zahanati hajafikiwa na huduma hata dawa zikiwa zimejaa rafu. Nimeona viongozi wengi wa mtaa wakikubali haraka, kwa sababu kila mmoja wao ana mama.

Mama sasa anakwenda zahanati kwa miguu. Mita 600 zinamchukua karibu saa nzima, kwa kuwa kila benchi ina mtu wa kuzungumza naye, na wala sijamwona akiwa na haraka. Mpaka sasa tuna benchi tatu. Kipande kilichobaki ni karibu na duka la dawa, ambapo alama yangu ya chaki ilikuwa mbele ya ngazi zenye vipande vya chupa. Mwenye jengo ameniambia atafikiria. Jumamosi narudi kwake, na safari hii nakwenda na mama.