Soma tope kabla ya kutupa mshipi

Kipupwe kikiingia na kusi ikashika, bahari ya nje haiendeki kwa chombo kidogo. Wengi wanaoanza uvuvi wa mshipi hapa Mombasa hukimbilia ndani, kwenye hori za Tudor au Port Reitz, wakakaa kutwa mahali pamoja, kisha wakalaumu upepo. Ndugu zangu, kabla hamjamtafuta samaki, tafuteni anachokula.

Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji ya huku kwetu hupwa kabisa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Nendeni asubuhi ukingoni mwa mikoko, bila ndoana. Simameni kimya, maana ukitikisika tu tope zima hubaki mashimo matupu. Mkitulia, watatoka vikaa wadogo, madume wakipunga lile gando lao moja kubwa. Kila mmoja huchota tope, akala vilivyomo, akatema kidonge cha mchanga. Palipotapakaa vidonge hivyo pana uhai. Angalieni pia virundo vya tope lililosokoteka: aghalabu chini yake mna mnyoo. Wekeni alama kwa mti au jiwe la ufukweni, kwani maji yakishajaa kote kutafanana.

Maji yanaporudi, vikaa huingia na kuziba milango yao. Hapo ndipo zamu ya samaki. Chaa hupanda pamoja na maji, akifuata tope lililofunikwa sasa hivi. Mkimpata mmoja, mvuteni mdomo taratibu: unachomoza na kuinama chini kama mrija. Samaki wa mdomo huo anakula chini. Basi chambo nacho kilale chini, si kuning'inia katikati ya maji. Kwa maoni yangu, saa mbili za mwanzo za maji kujaa zinashinda kutwa nzima ya kubahatisha.

Kamba ni habari nyingine. Wengi wao hujifukia mchana na kutoka giza likiingia, kwa hiyo kumtumia kamba kama chambo nakuweka kwa baada ya magharibi.

Mvua kubwa ikinyesha bara, maji baridi ya mto Kombeni hushuka Tudor na kubadilisha kila kitu huko juu. Msing'ang'anie pale palipowapa juzi. Sogeeni kuelekea mlango wa bahari, kwenye chumvi.

Na mnapochimba minyoo, tafadhalini sana, msichimbe kati ya ile mizizi ya mchu, aina ya mkoko, iliyosimama juu ya tope. Chimbeni palipo wazi, chukueni ya siku hiyo, mrudishe tope shimoni. Yananiuma mashimo yanayoachwa wazi.

Kwa chaa, chagueni ndoana ndogo na chubwi jepesi, ule uzito wa kuzamisha mshipi, linalotosha tu kufika chini. Mdomo wake ni mdogo, na akihisi uzito huachia.