Maswali na majibu: Kadi za Kijapani zikikuelemea

Safari hii maswali ni ya Kijapani, na karibu yote yanahusu Anki, ile programu ya kadi za kukariri. Ukikumbuka kadi, inaificha siku kadhaa, kisha wiki, kisha miezi. Ukisahau, inakurudishia upesi.

Nilikuwa naongeza kadi mpya 30 kila siku. Nikaenda msibani Tanga, kurudi nakuta marudio 900. Nifute nianze upya? (Mbagala)

Pole sana kwa msiba. Usifute. Tatizo si safari, ni hizo 30. Kadi mpya haiji mara moja ikaisha. Kesho itarudi, na wiki ijayo tena, huku wenzake wapya wanaingia. Kwa makadirio ya kawaida zidisha kwa kumi: kadi mpya 30 zitakuletea marudio kama 300 kwa siku. Nani atazimaliza ndani ya mwendokasi wa asubuhi, mkono mmoja umeshika bomba?

Weka kadi mpya sifuri. Weka ukomo wa marudio 100 kwa siku na uvumilie hadi rundo liishe. Litapungua upesi kuliko unavyodhani, maana kadi uliyoikumbuka licha ya kuchelewa, programu huhesabu na siku ulizochelewa, ikaisogeza mbali zaidi. Kisha rudi na kadi 7 mpya kwa siku. Unaziona chache? Kwa mwaka ni zaidi ya 2,500.

Nikisahau neno nabonyeza kitufe cha "ngumu". Mbona kadi zangu haziivi? (Tabata)

Kwa sababu unaidanganya programu. "Ngumu" maana yake umekumbuka, ila kwa jasho. Umesahau? Bonyeza cha kwanza, cha kurudia. Hakuna mwalimu anayekuangalia, kaka.

Inakula bando? (Gongo la Mboto)

Kidogo sana. Pakua kadi na sauti zake palipo na Wi-Fi, halafu soma bila intaneti. Kwenye Android ni bure. Kwenye iPhone inalipiwa.

Nataka nikariri kanji (herufi za Kijapani zenye asili ya Kichina) zote 2,136 kwanza, maneno baadaye. Sawa? (Ubungo)

Si sawa hata kidogo. Hiyo 2,136 ni orodha rasmi ya mwaka 2010 ya kanji za matumizi ya kawaida, na mtoto wa Kijapani huzisoma kwa miaka mingi, tena anaongea lugha tayari. Chukua 生: ndani ya sensei (mwalimu) inasomwa "sei", ndani ya tanjoubi (siku ya kuzaliwa) ni "jou", ikisimama peke yake kwa maana ya kitu kibichi ni "nama". Utaandika nini nyuma ya kadi hiyo? Andika neno zima mbele, na ikiwezekana sentensi fupi. Maliza hiragana na katakana kwanza, zile seti mbili za herufi za sauti, kila moja ina herufi 46 za msingi.

待つ na 持つ nimekosea mpaka programu imezificha. (Sinza)

Kadi ukiisahau mara nyingi, kwa kawaida nane, Anki inaweza kuisimamisha, na inafanya vizuri. Hizo mbili, "kusubiri" na "kushika", zinatofautiana upande wa kushoto tu. Acha moja ilale hadi nyingine ikae kichwani, kisha uirudishe ikiwa ndani ya sentensi.

Simu yangu ni ya tochi. (Temeke)

Kata karatasi ya manila, tafuta maboksi matano. Mwandishi wa habari Sebastian Leitner aliueleza mtindo huu mwaka 1972: ukipata, kadi inahamia boksi linalofuata, ukikosa, inarudi la kwanza. La kwanza lipitie kila siku, la pili kila baada ya siku mbili, la tatu kila wiki, mengine kwa nafasi zaidi.

Kadi nazijua, ila watalii wa Kijapani wakiongea sishiki kitu. (Posta)

Kadi zako hazina sauti, dada. Weka sauti upande wa mbele, maandishi nyuma, na sikiliza urefu wa irabu: obasan ni shangazi, obaasan ni bibi. Kisha punguza muda wa kadi, uongee na hao watalii.