Naupenda wimbo ambao naona aibu kuutaja

SWALI: Shangazi shikamoo. Mi watu wananijua ni mtu wa jazi, lakini nikiwa peke yangu nafunga mlango naweka wimbo mmoja wa mapenzi wa zamani, mashairi mepesi kabisa, na pale mwishoni kiitikio kinapopandishwa juu kidogo mwili unanisisimka hadi machozi. Halafu kuna mwanamuziki wa jazi wenzangu wote wanamsifia mi simuwezi hata dakika mbili. Nina kasoro?

JIBU: Marahaba mwanangu, kasoro huna. Kile kiitikio mara nyingi kinapandishwa nusu toni au toni nzima, yaani sauti inapanda hatua ndogo tu, sikio lilishazoea pale chini ndo maana unashtuka hivyo, na hiyo ni kazi ya mtunzi anayejua anachofanya, usiidharau. Halafu mazoea nayo yamo, mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha 1968 kwamba kukutana na kitu mara nyingi tu kunatosha kutufanya tukipende zaidi, sasa wimbo uliokua nao je? Huyo wa jazi msikilize tena siku umetulia, peke yako, wenzako wasiwepo, akikushinda waambie tu hakugusi. Na mlango fungua bwana.